Gari la kale la urithi: libaki lilivyotoka kiwandani au libadilishwe?

Swali: Marehemu baba aliniachia Volkswagen Beetle ya mwaka 1965 ambayo aliinunua ikiwa mpya. Rangi yake imefifia lakini haijawahi kupigwa upya, injini ni ile ile ya kwanza ya 1200, umeme wake ni wa volti 6 na breki zote ni za dramu. Fundi wangu anashauri niweke injini ya 1600, niingize umeme wa volti 12, nifunge breki za diski mbele, nilishushe gari chini na nilipige rangi upya. Shemeji yangu anasema nikigusa hata nati moja nitakuwa nimeliharibu. Mimi nataka kuliendesha kila mwisho wa juma nikiwa na watoto. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu msomaji, pokea pole zangu kwa msiba, na nakushukuru kwa kuuliza mapema, kwa sababu maswali mengi ya aina hii hunifikia msumeno ukiwa umekwisha kupita. Nakujibu bila kuzunguka: usimfuate fundi wako katika yote, wala usimfuate shemeji yako katika yote. Gari hilo liendeshwe, lifanyiwe marekebisho machache ya usalama, na chochote kitakachofungwa kiwe cha kufunguka kwa spana bila kuacha tundu, mkato wala alama ya kuchomelea. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila gari la kale linaloingia kwenye gereji yangu, na hapa nitakipitisha juu ya kila pendekezo ulilopewa.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Watu husema gari ni la asili wakimaanisha kwamba linafanana na lilivyokuwa kiwandani, lakini gari lililovuliwa lote, likapigwa rangi mpya na kufungwa spea sahihi, ni gari lililokarabatiwa, hata kama limekarabatiwa kwa ustadi mkubwa. La kwako ni la namna nyingine, na ni adimu zaidi: lile ambalo rangi, vitambaa, vioo na injini vimezeeka pamoja bila kuguswa. Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi uzalishaji ulipokoma nchini Meksiko mwaka 2003, kwa hiyo kupata Beetle si kazi. Kazi ni kuipata ya mwaka 1965 ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikwaruza kwa msasa.

Mtazamo wa dunia ya magari ya kale nao umehamia huko. Zamani maonyesho makubwa yaliwatuza wenye magari yanayong'aa kuliko yalivyong'aa siku yalipotoka kiwandani. Mwaka 2024, katika maonyesho ya Pebble Beach nchini Marekani, ambayo yalianza mwaka 1950, tuzo kuu ilikwenda kwa Bugatti Type 59 ya mwaka 1934 iliyoingia katika kundi la magari yaliyohifadhiwa bila kukarabatiwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea hapo kabla. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lina mwongozo wake uitwao Mkataba wa Turin, ambao umechota misingi yake katika Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 unaohusu majengo ya kihistoria. Ukiusoma utaona kwamba gari linaangaliwa kama ushahidi: kuhifadhi kunatangulia kukarabati, badiliko likilazimika liwe dogo na liweze kuondolewa, na kila kilichofanywa kiandikwe.

Hapo ndipo ninapoachana na shemeji yako. Kuhifadhi hakuna maana ya kutogusa. Gari lililoachwa bila kuendeshwa hukauka mipira ya breki, petroli yake huoza ndani ya tangi na kutu hujificha mahali ambapo hakuna anayepaangalia. Baba yako hakulitunza gari kwa kulifungia, alilitunza kwa kuliendesha na kulihudumia, na nati zake bila shaka zimefunguliwa mara nyingi sana.

Kabla ya lolote, thibitisha unacho nini. Nyanyua kiti cha nyuma, utaikuta namba ya chesisi imepigwa juu ya uti wa katikati wa sakafu. Kwa gari la modeli ya mwaka 1965, uzalishaji ulioanza Agosti 1964, namba hiyo huanza na 115. Kisha fungua boneti ya nyuma, utaona namba ya injini kwenye ganda la injini chini ya kishikio cha dainamo. Makumbusho ya magari ya Volkswagen yaliyoko Wolfsburg, Ujerumani, yamekuwa yakitoa cheti kinachoonyesha tarehe ambayo gari lilitengenezwa, rangi yake ya kwanza na vifaa lilivyotoka navyo. Kama namba ya injini inalingana na ile iliyosajiliwa kiwandani, una jambo ambalo halirudishwi kwa fedha likishapotea, na ushauri wangu wote unaofuata unakuwa mzito maradufu.

Sasa tuje kwenye injini, kwa kuwa mengine yote yanaanzia hapo. Fundi wako hajakosea kusema kwamba injini ya 1600 inaingia. Injini ya Beetle imeshikwa na bolti nne tu, na fundi mzoefu huitoa kwa muda usiofika saa moja. Ya kwako ina sentimita za ujazo 1192 na nguvu farasi 34, wakati ile ya 1600 ina karibu nguvu farasi 50. Ukiishia hapo, badiliko hili linaonekana jepesi na lenye kurudishika: injini ya baba inawekwa juu ya stendi, ile kubwa inafungwa, na siku ukitaka unageuza.

Lakini mabadiliko hayaji peke yake, yanaitana. Injini ya 1600 kwa kawaida huja na flaiwili (gurudumu zito la meno linalozungushwa na injini) kubwa ya mfumo wa volti 12 yenye meno 130, wakati gari lako lina flaiwili ya volti 6 yenye meno 109. Ile kubwa haizunguki ndani ya ganda la gia boksi lako mpaka ganda hilo lisagwe kwa mashine upande wa ndani. Ikishasagwa, stata yako haiendani nayo tena, klachi inabadilika na mfumo wa umeme inabidi uwe wa volti 12. Kisha nguvu imeongezeka kwa karibu nusu, kwa hiyo breki za zamani zinaonekana hazitoshi, zinaletwa za diski, na mara nyingi diski hizo huja na matundu ya bolti yasiyolingana na rimu zako za bolti tano, basi na rimu zinaondoka. Mtu alianza na bolti nne, akamaliza na gari ambalo gia boksi lake limesagwa, rimu zake zimeuzwa na injini yake ya kwanza imesukumwa kwenye kona ya gereji ikiwa wazi, inaingia vumbi na unyevu hadi pistoni zinashika. Nimeona mfululizo huu mara nyingi kiasi kwamba nikisikia injini kubwa huuliza kwanza habari za flaiwili.

Kuna sababu nyingine ambayo ni ya kiusalama. Ekseli za nyuma za gari lako zina kiungo kimoja tu kila upande, pale zinapotoka kwenye gia boksi. Gurudumu likishuka au kupanda, linainama pamoja na ekseli yake. Ukiingia kwenye kona kwa kasi kubwa, kisha ukashtuka na kuachia mafuta ghafla, sehemu ya nyuma ya gari hunyanyuka, gurudumu la nje hujikunja kuelekea chini ya gari, na mshiko wa tairi unapotea mahali pale pale unapouhitaji zaidi. Kwa nguvu farasi 34 ni vigumu kufika huko bila kutafuta. Kwa nguvu farasi 50, mikononi mwa mtu aliyezoea magari ya leo na aliyebeba watoto nyuma, ni rahisi zaidi. Kwa hiyo injini ya 1600 naikataa kwa gari lako. Ile ya 1200 ikihudumiwa vizuri, vali zikipimwa kila baada ya kilomita 5,000 na mafuta yakibadilishwa kwa wakati, inatosha kabisa kwa safari za mwisho wa juma.

Kuhusu umeme, naelewa malalamiko. Taa za volti 6 zinajulikana kwa kuwa hafifu, na asubuhi ya baridi stata huzunguka kwa uchovu. Hata hivyo sehemu kubwa ya udhaifu huo hautokani na volti 6 zenyewe, unatokana na kutu kwenye viunganishi na ethi (waya zinazorudisha umeme kwenye bodi) mbovu. Tazama hesabu hii. Taa ya wati 36 kwenye volti 6 inavuta ampea 6, na kwenye volti 12 inavuta ampea 3. Waya na viunganishi vilivyochakaa vikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, mfumo wa volti 6 unapoteza volti 0.6 njiani, yaani asilimia 10 ya yote uliyokuwa nayo, na ule wa volti 12 unapoteza volti 0.3, yaani asilimia 2.5. Uchafu ule ule unauumiza mfumo wako mara nne zaidi. Maana yake ni kwamba kusafisha kila kiunganishi hadi chuma king'ae, kubadilisha waya nene za betri na za ethi, na kufunga relei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) karibu na taa za mbele ili umeme wa taa usizungukie kwenye swichi ya dashibodi, kunaleta tofauti ambayo wengi hawaiamini hadi wasimame mbele ya gari usiku. Kazi hiyo haikati chochote. Ifanye kwanza, uendeshe miezi kadhaa, ndipo uamue.

Ukiona bado unataka volti 12, inawezekana kuzipata bila kugusa flaiwili wala gia boksi. Unabadilisha betri, dainamo na kidhibiti chake, balbu zote, koili na vifaa vidogo vya umeme, ukiacha stata ile ile ya volti 6, ambayo huvumilia volti 12 kwa muda mrefu iwapo injini inawaka haraka na hushikilii ufunguo. Vilivyotoka vinaingia sandukuni vikiwa na vibandiko vyenye majina. Hilo nalikubali, ingawa silioni kuwa la lazima.

Breki ndipo ninapokuwa mkali zaidi kuliko hata fundi wako, ila kwa mwelekeo tofauti. Gari lina uzito wa takriban kilo 750, na dramu zake nne, zikiwa na viatu vipya, dramu zisizo na mikwaruzo na marekebisho yaliyosawazishwa pande zote, zinalisimamisha vizuri kwa mwendo wake. Udhaifu halisi uko kwingine: mfumo mzima una njia moja ya mafuta. Mpira mmoja ukipasuka, au silinda moja ya gurudumu ikivuja, pedali inakwenda hadi sakafuni na magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Kwa gari linalobeba watoto nisingeliacha hivyo. Tafuta masta silinda (pampu kuu ya mafuta ya breki) ya njia mbili, kama zile ambazo Volkswagen wenyewe walianza kuzifunga kwenye Beetle miaka miwili tu baada ya gari lako. Kinachohitajika ni bomba za breki za ziada na mahali pa kuweka kopo lake la mafuta, na vyote vinafungwa kwa bolti. Badilisha pia mipira yote minne, silinda za magurudumu na mafuta yenyewe. Haya ni mabadiliko, ndiyo, na shemeji yako ataona kwamba breki si za 1965 kwa asilimia mia. Mwambie kwamba masta silinda ya zamani imefungwa kwenye karatasi yenye mafuta, iko kabatini na inasubiri.

Diski za mbele ziache. Zinaleta maana pale injini kubwa inapofungwa, na injini kubwa tumekwisha kuikataa. Kulishusha gari nako kuache: kunabadilisha pembe za magurudumu, kunapunguza nafasi ya springi kufanya kazi, na hakuleti faida yoyote kwa dereva wa kawaida.

Rangi ndiyo iliyonifanya niandike kwa urefu huu. Umesema imefifia. Nakuomba ukae kando ya gari asubuhi, jua likiwa chini, uliangalie kwa karibu: ukingo wa mlango ambapo kiganja cha baba yako kiliuvuta kwa miaka mingi, mahali kwenye usukani palipolainika chini ya vidole gumba vyake, boneti ambako rangi imekuwa nyembamba hadi unaona kivuli cha rangi ya msingi iliyo chini yake. Rangi mpya inafuta yote hayo ndani ya juma moja, na hakuna fundi duniani anayeweza kuyaandika tena. Rangi iliyopauka mara nyingi ni tabaka la juu tu lililochoka. Osha, pitisha dongo laini la kuondolea uchafu, kisha polishi isiyo kali kwa mkono, polepole, kwenye sehemu ndogo iliyojificha kwanza, na umalizie kwa nta. Kama unaweza kuazima kipimo cha unene wa rangi, pima kabla ya kusugua. Kingo na mikunjo ya bodi ndipo palipo pembamba zaidi, na hapo usisugue kabisa.

Kutu ni suala tofauti na rangi, kwa sababu halisubiri. Kagua mihimili yenye uwazi iliyo chini ya milango, ile inayopitisha hewa ya joto kutoka kwenye injini, kwa kuwa huoza kutoka ndani na ndiyo inayobeba ugumu wa bodi. Kagua sakafu chini ya betri. Penye tundu, chuma kibovu kikatwe na kipya kichomelewe. Huu ni mkato, lakini unaokoa gari, na unaishia pale kutu ilipoishia. Kipande kilichochomelewa kipakwe rangi peke yake, bila kulazimisha bodi nzima ipigwe rangi ili ifanane nacho.

Nina sababu ya kuhofia msumeno. Nikiwa kijana, katika gereji ya kwanza niliyofanyia kazi, mteja alileta Peugeot 404 akitaka redio ya kaseti. Redio ilikuwa kubwa kuliko nafasi iliyokuwapo, nikachukua msumeno wa chuma nikaipanua nafasi ile kwa dakika kumi, na mteja akaondoka akiwa amefurahi. Miaka mingi baadaye gari lile lile lilirudi mikononi mwangu likiwa na mwenye mwingine aliyetaka kulirejesha. Redio ilikwisha kutupwa zamani, tundu lilikuwa limebaki. Nilitumia siku nne kukata kipande cha chuma, kukichomelea kidogo kidogo ili dashibodi isijikunje, kukisawazisha na kutafuta rangi inayokaribiana, na bado mwanga wa jioni ukiipitia dashibodi ile ninauona mstari ambapo chuma changu kinakutana na cha kiwanda.

Usinielewe kwamba nachukia magari yaliyobadilishwa. Mini Cooper ya mwaka 1961 ilizaliwa kwa kubadilisha gari dogo la kawaida, na Mustang alizozifanyia kazi Carroll Shelby, mjenzi wa magari ya mbio wa Marekani, kuanzia mwaka 1965 leo zinatafutwa kuliko Mustang zisizoguswa. Mabadiliko yaliyofanywa enzi ya gari lenyewe yamekuwa sehemu ya historia yake, na Ujerumani, ambako magari yaliyotimiza miaka 30 hupewa namba yenye herufi H, marekebisho ya zama zile zile huvumiliwa kwa sababu hiyo. Kama ungekuwa umenunua ganda la Beetle lisilo na injini, lililopigwa rangi mara tatu na sakafu imeoza, ningekuambia ufanye unalotaka, uweke hata mota ya umeme, ukijua tu kwamba kwa FIVA gari lililobadilishwa hivyo halihesabiwi tena kuwa gari la kihistoria. Gari la namna hiyo halina cha kupoteza. La kwako linacho.

Yamebaki mambo mawili ambayo hayasubiri uamuzi wowote kati ya haya. La kwanza ni mipira ya petroli. Ganda la injini ya Beetle limetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu, chuma ambacho kikishika moto kuuzima ni shida kubwa, na petroli iliyochanganywa na ethanoli hulegeza mipira ya zamani upesi. Badilisha kila kipande cha mpira, kuanzia chini ya tangi mbele hadi kwenye kabureta nyuma, utumie mipira inayostahimili ethanoli na klipu mpya, na uhakikishe kibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta hakichezi ukikishika kwa vidole. Beba na kizima moto mahali ambapo mkono wako unafika ukiwa umeketi.

La pili ni betri, ambayo imekaa chini ya kiti cha nyuma, yaani chini ya watoto wako. Kiti hicho kina springi za chuma na kimejazwa nyuzi kavu. Kifuniko cha betri kikikosekana, au betri ikiwa ndefu kuliko ile iliyokusudiwa, mtu akiketi springi zinashuka na kugusa vichwa vya betri, na nyuzi zile zinashika moto mara moja. Ukipita dukani kununua betri ya volti 12, pima urefu wake kwenda juu kabla hujalipa. Na kabla hujaliwasha gari tena, hata kama ni kulisogeza tu, nyanyua kiti hicho uone kama kifuniko kipo.